Mizani Kabla ya Kipimagesi: Methani ya Ng'ombe, Samadi na Majaruba

Mwenyekiti, maofisa ugani, wasimamizi wa mashamba, wafugaji na wakulima wa mpunga,

Ukiambiwa kwamba ng'ombe fulani anatoa gramu 200 za methani kwa siku, usikimbilie kuuliza alipimwa kwa mashine gani. Uliza kwanza alikula kilo ngapi, chakula cha aina gani, na alikamuliwa lita ngapi. Bila majibu hayo gramu 200 ni namba yatima. Huwezi kuilinganisha na ya zizi jingine, na mwakani ikishuka hadi 180 hutajua kama umepunguza gesi au umemlaza mnyama na njaa. Makosa makubwa katika hesabu za methani ya shambani hayatoki kwenye vipimagesi vya bei kubwa. Yanatoka kwenye uzito uliokisiwa, chakula kisichopimwa na maziwa yasiyoandikwa. Mizani kwanza, kipimagesi baadaye.

Kuhusu gesi yenyewe sitakaa sana. Methani hudumu angani takriban miaka 12. Katika kipindi cha miaka 100, kilo moja inayotoka kwa mifugo au jaruba la mpunga hupasha dunia joto sawa na kilo 27 hivi za hewa ukaa. Ukihesabu kwa miaka 20 tu, inakaribia kilo 80. Kabla ya zama za viwanda ilikuwa sehemu 730 hivi katika kila bilioni ya hewa; mwaka 2019 ilikuwa 1,866. Tathmini ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba mifugo huchangia asilimia 32 hivi ya methani inayosababishwa na binadamu, na mpunga asilimia 8. Mwaka huohuo, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa kule Glasgow, yalizinduliwa makubaliano ya kupunguza methani ya dunia nzima kwa asilimia 30 ifikapo 2030, ikilinganishwa na ya mwaka 2020. Kwa sababu gesi hii haikai sana angani, ukiibana leo matokeo huonekana katika muongo mmoja au miwili. Hewa ukaa haina upole huo.

Sasa twende tumboni. Tumbo kuu la ng'ombe mzima hubeba zaidi ya lita 100 za chakula, maji na vijidudu, kwenye joto la nyuzi 39 na bila oksijeni. Bakteria na kuvu huvunjavunja nyuzinyuzi na wanga kuwa asidi ambazo mnyama huzitumia kama nishati. Kazi hiyo huzalisha haidrojeni, na haidrojeni ikirundikana uchachushaji hukwama. Hapo huingia kundi jingine la vijidudu, arkea, linalochukua molekuli nne za haidrojeni na moja ya hewa ukaa na kutengeneza molekuli moja ya methani na mbili za maji. Arkea si maadui waliovamia. Ni wazoa taka wa tumbo, na ukiwaondoa bila kuipa haidrojeni njia nyingine ya kwenda, chakula kitabaki hakijasagwa vizuri. Gesi hiyo, karibu yote, hutokea mdomoni na puani mnyama anapopiga mbweu na kupumua. Wale wanaochora katuni za mkia wa ng'ombe wamekosea upande.

Asidi ya asetiki, inayotokana zaidi na majani makavu yenye nyuzi nyingi, huacha haidrojeni nyingi. Asidi ya propioniki, inayotokana zaidi na wanga wa nafaka, huitumia. Karibu kila mbinu ya lishe nitakayoitaja baadaye inapita kwenye moja ya milango mitatu: kupunguza haidrojeni inayozalishwa, kuipa mtumiaji mwingine, au kumzuia arkea asifanye kazi yake.

Hesabu ya msingi hufanywa kwa kalamu na karatasi. Kilo moja ya chakula kikavu, yaani baada ya kuondoa maji, ina nishati ghafi ya megajuli 18.45. Sehemu ya nishati hiyo hupotea kama methani. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, linapendekeza asilimia 6.5 kwa ng'ombe wa maziwa wenye uzalishaji mdogo. Kilo moja ya methani ina megajuli 55.65. Basi ng'ombe anayekula kilo 10 za chakula kikavu hupata megajuli 184.5; asilimia 6.5 yake ni megajuli 12 hivi. Gawanya kwa 55.65, upate kilo 0.215, yaani gramu 215 kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 79 hivi.

Tazameni namba ipi katika hesabu hiyo ndiyo dhaifu. Hiyo 55.65 ni ya kifizikia, haibadiliki. Hiyo 18.45 hubadilika kidogo sana. Asilimia 6.5 inaweza kuyumba kati ya 5.5 na 7.5, kwa hiyo kosa lake ni kama moja ya sita. Lakini kilo 10 za chakula? Mtu akikisia kwa macho, kosa la moja ya tatu ni la kawaida kabisa, nalo huingia kwenye jibu lote zimazima.

Kwa hiyo pimeni chakula. Mpimie mnyama majani asubuhi na jioni kwa mizani ya kuning'iniza, halafu pima mabaki kesho yake kabla ya kuweka mapya, kwa siku saba mfululizo. Chukua kiganja cha majani kutoka sehemu kadhaa za rundo, katakata, pima gramu 500, kausha katika tanuri la nyuzi 60 hadi 65 kwa saa 48, pima tena. Zikibaki gramu 90, majani yako yana asilimia 18 ya chakula kikavu. Kilo 50 mbichi ni kilo 9 kavu. Hapa watu hukosea mara mbili. Kwanza husahau kwamba mabaki si majani yaleyale: mnyama amechagua majani laini na kuacha mashina, hivyo mabaki yakaushwe peke yake, yasikopeshwe asilimia ya yale aliyopewa. Pili, hupima majani ya asubuhi yenye umande na kutumia asilimia hiyo mwaka mzima, kiangazi na masika.

Uzito wa mnyama unapokosa mizani ya ng'ombe, utepe wa kifua unatosha, mradi mnyama asimame sawasawa miguu minne, kichwa mbele, na utepe upite nyuma tu ya miguu ya mbele bila kulegea. Pima kabla ya maji na malisho. Tumbo lililojaa linaweza kuongeza makumi ya kilo, na ukimpima leo ameshiba na mwezi ujao ana njaa utaandika kwamba amekonda. Mnyama wa malishoni, ambaye huwezi kumpimia majani, chakula chake hukadiriwa kutokana na uzito, ongezeko la uzito, maziwa, mimba na umbali anaotembea. Ndiyo maana utepe na daftari la maziwa ni vifaa vya kupimia methani, ingawa hakuna anayeviita hivyo.

Vifaa vinavyopima gesi yenyewe vina nafasi yake, hasa unapotaka kujua kama dawa au chakula kipya kimebadilisha ile asilimia 6.5.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni chumba cha upumuaji. Mnyama hukaa humo siku mbili au tatu, hewa huvutwa kupitia chumba kwa kasi inayojulikana, na tofauti ya methani kati ya hewa inayoingia na inayotoka huzidishwa kwa kiasi cha hewa. Kabla ya kumwingiza mnyama, achilia ndani kiasi cha methani ulichokipima, uone kama mashine inakirudisha chote. Ikirudisha asilimia 85, chumba kinavuja au kipima mtiririko kimepotoka, na kuendelea ni kujidanganya. Hewa ya chumba ivutwe, isisukumwe, ili palipo na ufa hewa ya nje iingie badala ya gesi kutoka. Tatizo jingine ni mnyama mwenyewe: akishtuka hupunguza kula, methani inashuka, na mtafiti anafurahia dawa isiyofanya kazi. Azoezwe kwa wiki kadhaa, na chakula cha ndani ya chumba kilinganishwe na alichokuwa akila zizini.

Kwa wanyama wa malishoni kuna mbinu ya sulfa heksafloridi. Neli ndogo ya chuma yenye gesi hiyo humezeshwa mnyama na kukaa tumboni, ikitoa miligramu chache kwa siku kwa kasi iliyopimwa maabara kwa wiki kadhaa kwenye nyuzi 39. Shingoni huvishwa mtungi uliotolewa hewa yote, na kineli chembamba kinachoishia juu ya pua huvuta hewa polepole kwa saa 24. Uwiano wa methani na ile gesi ya alama, ukizidishwa kwa kasi ya neli, hutoa methani ya siku. Lazima uwepo mtungi mwingine wa kupimia hewa ya kawaida ya malishoni, vinginevyo unamhesabia mnyama gesi ya wenzake. Kinachoharibika mara nyingi ni kitu kidogo: kineli kuzibwa na maji au majani, au ng'ombe mwenzake kukitafuna. Pima shinikizo la mtungi unapoutoa. Kama umebaki karibu na ombwe, kineli kiliziba. Kama umefika shinikizo la hewa ya nje, ulijaa kabla ya wakati au unavuja. Sampuli zote mbili zitupwe. Na neli zishikwe kwa heshima, kwa maana gesi iliyomo ina nguvu ya kupasha joto zaidi ya mara 23,000 ya hewa ukaa.

Kibanda cha chambo humshawishi mnyama kuingiza kichwa kwa vidonge vya chakula, na feni huvuta pumzi yake kwa dakika tatu hadi tano. Ni kizuri, lakini kinapima vipande vya siku. Methani hupanda baada ya mlo na kushuka alfajiri; mnyama anayekuja baada ya mlo tu ataonekana mchafuzi kuliko alivyo. Usitoe wastani kabla ya ziara 30 hivi zilizotawanyika saa zote za mchana na usiku, na hesabu vidonge alivyokula kama sehemu ya chakula chake. Kipimo cha leza cha mkononi ni cha haraka, lakini husoma wingi wa gesi kwenye mstari wa miale, si gramu kwa siku, na upepo kidogo tu huvuruga usomaji. Kitumike kupanga wanyama, nani zaidi na nani kidogo, kwa umbali uleule na saa ileile. Namba zake zisipelekwe kwenye ripoti ya taifa.

Tukija kwenye kupunguza, kitendawili ni kigawanyo. Ng'ombe wa kwanza anakula kilo 8 kavu za majani duni na kutoa lita 5. Methani yake, kwa asilimia 6.5, ni gramu 172 kwa siku, yaani gramu 34 kwa lita. Wa pili anakula kilo 14 za chakula bora na kutoa lita 18. IPCC inampa asilimia 6.3, naye anatoa gramu 292 kwa siku, lakini gramu 16 tu kwa lita. Ukigawanya kwa mnyama, wa pili ni mbaya. Ukigawanya kwa lita, ni bora zaidi ya mara mbili. Lita 90 kwa siku zinahitaji ng'ombe 18 wa aina ya kwanza, wenye jumla ya kilo 3.1 za methani, au watano wa aina ya pili, wenye kilo 1.5.

Hapo wengi hupiga makofi mapema. Mfugaji akiwaboresha ng'ombe wote 18 na asipunguze hata mmoja, zizi litatoa kilo 5.3 kwa siku. Maziwa yameongezeka, gramu kwa lita zimeshuka, na anga imepokea gesi zaidi kuliko mwanzo. Andikeni namba zote mbili kila mara, jumla na kwa lita. Anayekuletea moja tu ana jambo analificha, au hajui kwamba lipo.

Wanaosahaulika kabisa ni wanyama wasiotoa maziwa. Mtamba anayezaa mara ya kwanza akiwa na miaka minne amekula na kupiga mbweu mwaka mmoja na nusu zaidi ya yule aliyezaa akiwa na miaka miwili na nusu, na hakuna lita hata moja ya kugawania gesi hiyo. Ndama wanaokufa, majike yanayokaa miezi mingi bila kushika mimba, madume yasiyo na kazi: hao ndio methani ya bure. Kugundua mapema joto la jike kutaka dume, kupandisha kwa wakati na kutibu minyoo ni mbinu za kupunguza methani ambazo hazihitaji kifaa chochote kipya.

Kwa mwenye mabua tu, usindikaji kwa urea unasaidia. Kwa kilo 100 za mabua makavu, yeyusha kilo 4 za urea katika lita 50 hadi 60 za maji, nyunyiza tabaka kwa tabaka huku ukikanyaga kutoa hewa, funika kwa nailoni isiyo na tundu kwa wiki tatu. Ukifungua, harufu kali ya amonia na rangi ya dhahabu iliyokolea ni dalili njema; ukungu ni dalili kwamba hewa iliingia, na sehemu hiyo itupwe. Anika kwa saa kadhaa kabla ya kulisha. Urea isiyoyeyuka huua, kwa hiyo usinyunyize chembechembe, na ndama ambaye tumbo kuu lake halijakomaa asipewe. Tarajia mnyama ale zaidi, na methani ya siku ipande kidogo. Faida itafutwe kwenye kilo za nyama au lita za maziwa.

Mafuta, kwa mfano kupitia mashudu au mbegu za pamba, hushusha methani kwa asilimia 4 hivi kwa kila asilimia 1 ya mafuta inayoongezwa kwenye chakula kikavu. Jumla isizidi asilimia 6 au 7. Ukivuka hapo, mafuta hufunika nyuzi, bakteria wanashindwa kuzishika, na unaona kinyesi chenye majani mazimamazima. Methani imeshuka kwa sababu umeharibu tumbo.

Kiongezi kilichofanyiwa utafiti mwingi ni 3-nitrooksipropanoli, kifupi 3-NOP, kinachouzwa kwa jina la Bovaer. Huzuia kimeng'enya cha hatua ya mwisho ya arkea. Kwa miligramu 60 hadi 80 kwa kilo ya chakula kikavu, ng'ombe wa maziwa hupunguza takriban asilimia 30. Umoja wa Ulaya ulikiidhinisha 2022 na Marekani 2024. Udhaifu wake ni kwamba humalizika tumboni ndani ya saa chache, hivyo kinafaa pale chakula kinapochanganywa chote na kuliwa kidogo kidogo kutwa. Mnyama wa malishoni anayepewa dozi moja jioni atafaidi jioni hiyo tu. Chakula chenye nyuzi nyingi nacho hupunguza nguvu yake.

Mwani mwekundu wa jenasi Asparagopsis umeshusha methani kwa zaidi ya asilimia 80 katika baadhi ya majaribio, kwa kiwango kisichofika asilimia 1 ya chakula. Kinachofanya kazi ni bromofomu, nayo huyeyukia hewani: mwani uliokaushwa vibaya au kuhifadhiwa kwenye joto hubaki majani matupu. Pima bromofomu ya kila shehena, na pima iodini pia, maana mwani unaweza kuwa nayo nyingi na ikaingia kwenye maziwa.

Kuhusu naitreti, chumvi yenye naitrojeni inayochanganywa kwenye chakula, nitakuwa mkali. Inafanya kazi, kwa kuinyang'anya arkea haidrojeni. Lakini katikati ya safari hugeuka naitriti, ambayo ikiingia kwenye damu huizuia kubeba oksijeni. Fizi hugeuka kahawia, mnyama anahema, anaanguka. Iongezwe polepole kwa wiki kadhaa, ichukue nafasi ya urea wala isijumlishwe juu yake, na ichanganywe kwa mashine. Pasipo na mizani na mchanganyiko wa uhakika, isitumike.

Samadi ina kanuni yake: mada hai, yaani sehemu ya kinyesi inayoweza kuoza, inayotoka kwa siku, mara siku 365, mara uwezo wake wa kutoa methani, mara 0.67 (kilo za methani katika mita moja ya ujazo), mara kizidishio cha hifadhi, yaani sehemu ya uwezo huo inayotoka kweli kulingana na inavyohifadhiwa. Chukua ng'ombe anayetoa kilo 1.9 za mada hai kwa siku, yenye uwezo wa mita za ujazo 0.13 kwa kilo. Uwezo wake wa mwaka ni kilo 60 za methani. Samadi hiyo ikirundikwa kavu katika nchi ya joto, kizidishio ni asilimia 5, na zinatoka kilo 3. Ikioshwa kwa maji hadi kwenye bwawa, kwenye joto la nyuzi 28, kizidishio kinafika asilimia 80: kilo 48. Ni ng'ombe yuleyule na kinyesi kilekile. Kilichoongezeka ni maji na ukosefu wa hewa. Zizi linalosafishwa kwa koleo badala ya mpira wa maji limeshamaliza nusu ya kazi.

Mtambo wa bayogesi hugeuza tatizo hilo kuwa moto wa jikoni, kwa sharti kwamba gesi yote ichomwe. Kilo ya methani ikiungua huwa kilo 2.75 za hewa ukaa. Ikivuja inabaki sawa na 27. Mtambo unaovuja unaweza kuwa mbaya kuliko lundo kavu, kwa sababu umetengeneza gesi ambayo lundo lisingeitengeneza. Kinyesi na maji kwa uwiano wa moja kwa moja, bila majani marefu wala mchanga. Kila mwezi paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, vali na shingo ya kuba. Jioni funga vali zote, soma kipima shinikizo, soma tena alfajiri: shinikizo hupanda polepole usiku mtambo ukiwa mzima, na likishuka tafuta tundu. Mwaga maji yanayokusanyika kwenye sehemu ya chini ya bomba, la sivyo mwali utadunda na watu watalaumu kinyesi. Gesi ikizidi mahitaji, wengi huiacha itoke usiku. Iwekewe kichomeo, au mtambo ulishwe kidogo. Na tope linalotoka bado linachachuka. Likihifadhiwa kwenye shimo la wazi kwa miezi, methani inaendelea.

Mpunga ni habari ya maji na mabua. Jaruba likifurika, oksijeni ya udongo huisha, na arkea wale wale wa jamii ya tumboni huanza kazi kwenye tope. Sehemu kubwa ya gesi hupanda kupitia ndani ya mmea wenyewe, kwenye mirija inayopeleka hewa mizizini. IPCC huanzia kilo 1.19 kwa hekta kwa siku. Msimu wa siku 120 ni kilo 143. Ukikausha jaruba zaidi ya mara moja katikati ya msimu, zidisha kwa 0.55: kilo 79.

Namna ya kukausha bila kuua mavuno ni kutumia bomba la shambani, mbinu iliyoenezwa na taasisi ya utafiti wa mpunga, IRRI, ya Ufilipino. Kata bomba la plastiki la sentimita 30 kwenda juu na upana wa sentimita 10 hadi 15, toboa matundu ya milimita 5 nusu ya chini, lizamishe sentimita 15, kisha toa udongo wote wa ndani. Wiki mbili baada ya kupandikiza, acha maji yashuke. Yakifika sentimita 15 chini ya uso wa udongo ndani ya bomba, rudisha maji sentimita 5. Magugu yakiwa mengi, subiri wiki moja zaidi. Wiki moja kabla ya kuchanua hadi wiki moja baada yake, jaruba lisikauke, maana hapo mmea ukikosa maji unapata mapepe, yaani punje tupu. Bomba likae karibu na ukingo ili lisomeke, lakini si kwenye bonde au kichuguu cha jaruba. Jaruba lisilosawazishwa litakuwa limepasuka upande mmoja na kufurika upande mwingine huku bomba likikuambia yote ni sawa.

Kukausha kuna gharama yake: naitrasi oksidi, gesi yenye nguvu mara 273 ya hewa ukaa, huongezeka naitrojeni inapopitia vipindi vya ukavu na unyevu. Weka mbolea ya kukuzia kwenye udongo mkavu, papo hapo kabla ya kuingiza maji, ili izame kwenye mizizi.

Mabua yanataka kalenda. Tani 5 za mabua makavu kwa hekta zikifukiwa chini ya siku 30 kabla ya kupanda huzidisha methani kwa 2.9 hivi, zikifukiwa mapema zaidi, zikaoza penye hewa, ni 1.5. Ni trekta lilelile na mabua yaleyale. Kuyachoma si njia ya kukwepa, kwani moshi nao una methani, gramu 2.7 kwa kila kilo inayoungua, mbali na mapafu ya watu.

Anayetaka kupima jaruba lake atumie kisanduku cha kufunika. Fremu izamishwe kwenye tope siku moja kabla, na ujenge daraja la mbao, kwa sababu hatua moja ya mguu hufyatua mapovu. Kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, funika, washa kifeni cha ndani, vuta sampuli kwa bomba la sindano dakika ya 0, 10, 20 na 30. Sampuli ya kwanza iwe karibu na sehemu 2 kwa milioni, kama hewa ya nje. Ukikuta 15 umevuruga tope, fungua, subiri, anza upya. Nukta nne zikae kwenye mstari mnyoofu. Mfano: kisanduku chenye kimo cha mita 0.6, joto nyuzi 30, methani imepanda kutoka 2 hadi 8 kwa nusu saa. Hiyo ni 12 kwa saa. Zidisha kwa 0.6 na uzito wa methani kwenye joto hilo, kilo 0.646 kwa mita ya ujazo. Unapata miligramu 4.65 kwa mita ya mraba kwa saa, sawa na kilo 1.1 kwa hekta kwa siku. Rudia kila wiki, na mara mbili kwa wiki siku za kukausha, kwa sababu udongo unapopasuka hutoa gesi iliyokuwa imenaswa, na anayepumzika wiki hiyo huikosa yote.

Mwisho, idadi. Wanyama wa kundi moja hutofautiana sana. Tuchukulie asilimia 20 ya wastani. Ili kuona punguzo la asilimia 30 kwa uhakika wa kawaida wa kitakwimu, unahitaji wanyama 7 hivi kila kundi. Ili kuona punguzo la asilimia 10, unahitaji takriban 63 kila kundi. Mwenye ng'ombe 12 anaweza kupunguza hitaji hilo kwa kumfanya kila mnyama alinganishwe na nafsi yake, akila chakula cha kwanza kisha cha pili, na siku 14 za kuzoea kabla ya kila kipimo, huku nusu ya kundi ikianza na chakula cha pili ili msimu usichanganywe na dawa. Hata hivyo kwa asilimia 10 bado atakuwa anabahatisha. Huyo aache kupima gesi, apime chakula, maziwa na uzito kwa mwaka mzima, kisha akokotoe.

Mwenyekiti, napokea maswali, nikianza na wale wenye mabwawa ya samadi.